Mguu Niliomficha Mgeni

Mguu wangu wa kulia umetangulia kuzikwa. Mwanangu Faustini aliuomba hospitali, akaupokea ukiwa umefungwa kwenye shuka kuukuu, akauchimbia nyuma ya nyumba karibu na migomba. Mkewe, Goreti, alitaka tupande maua pale. Nikamwambia apande maharage, angalau mguu uendelee kufanya kazi. Alicheka, kisha akaingia jikoni kulia, nami nikabaki kwenye kiti nikitazama ule udongo uliochimbuliwa.

Naandika haya kwa sababu makali yamepita, na kwa sababu wazee wenzangu wenye kisukari hunisimamisha njiani, wakaangalia magongo yangu, wakaniuliza ilikuwaje. Siwezi kumweleza kila mmoja huku nimesimama kwa mguu mmoja. Mambo ya damu na kongosho waulizeni waganga, mimi sikusomea. Ninachokijua mimi ni benchi la kusubiria, ni kiatu, na ni uongo niliousema kwa adabu nzuri kabisa nikiwa nimevaa kitenge cha kanisani.

Mimi ni fundi cherehani. Niliondoka Rwanda nikiwa msichana, nikaishi Karagwe, Tanzania, zaidi ya miaka thelathini. Huko nilijifunza Kiswahili hiki, nikajifunza kushona, nikazaa, nikafiwa na mume. Vita vilipokwisha tukarudi, mimi na Faustini, na cherehani yangu ya kukanyaga ikiwa juu ya lori imefungwa kamba kama mbuzi. Tulipata nyumba upande wa Rubavu, si mbali na njia ya mpakani. Faustini akamwoa Goreti, binti aliyezaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, mpole, mwenye mikono myepesi. Mimi nikapata kibaraza karibu na soko la Gisenyi, nikawa nashona sare za shule.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Nilikunywa jagi zima la maji na bado ulimi ukanata. Nilikula kama mtu aliyelima kutwa, na bado sketi zikawa zinanivuka, nikazipunguza kiunoni mara mbili. Goreti ndiye aliyegundua. Alikuja akiangalia chini, kwa maana mkwe hasemi mambo ya chooni na mama wa mumewe.

“Mama,” akaniambia, “sisimizi iko nafuata pale mama anaendaga kujisaidia. Zote. Mustari murefu.”

Nikaenda kuangalia. Kweli, walikuwa wamejipanga kama watoto wa shule. Nilisimama pale nikajua kwamba kuna kitu kimeharibika ndani yangu, na kwamba sisimizi walijua kabla yangu.

Kwenda kituo cha afya miaka ile ya mwisho ya tisini haikuwa kazi ndogo. Siku nyingine barabara ilifungwa kwa ajili ya usalama na askari wakaturudisha. Siku nyingine tulifika, tukaambiwa dawa hazipo. Tulitoka alfajiri, wazee kwa wazee, tukishikana mikono kwenye mteremko. Jirani yangu Anastazia, mjane aliyekuwa akivusha maharage kwenda kuuza Goma, alikuwa na sukari kama mimi, kwa hiyo tulikwenda pamoja na kugombana njia nzima.

Benchi la kituo lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio yetu. Hapo hapakuwa na siri. Mtu alikuinulia gauni akuonyeshe uvimbe kabla hujamwuliza jina. Mmoja alisema macho yake yanaona ukungu, mwenzake akasema wewe una bahati, mimi kucha zimeng'oka. Mpaka ufike kwa muuguzi umeshasema kila kitu mara nne. Na muuguzi wa pale alikuwa mwanamume mnene asiye na salamu. Ukiingia tu: “Vua viatu!” Hata shikamoo yake alikuwa hatoi. Tulimchukia sana.

Masika moja, tukiwa tumebanana pale kwa ajili ya mvua, akaja daktari mwanamke, mrefu, wa sauti ndogo. Akatueleza kwamba wanataka kujaribu njia mpya ya kuwatunza wazee. Wazee wanachoka njiani, alisema, na wengine hawafiki. Badala ya mzee kumfuata muuguzi, muuguzi amfuate mzee nyumbani, kila baada ya wiki mbili. Lakini hawakujua kama njia hiyo ni bora kweli. Kwa hiyo nusu yetu tutatembelewa, nusu wataendelea kuja kituoni kama zamani, kisha watalinganisha.

Mzee mmoja akauliza nani ataamua wa kutembelewa. Daktari akasema kura. Mzee akauliza kama sasa afya imekuwa bahati nasibu. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka.

Karatasi zilikunjwa zikatiwa kwenye beseni la plastiki. Nilitia mkono, nikachomoa, nikafunua: NYUMBANI. Anastazia akachomoa: KITUONI.

“Aaa, we iko na bahati!” akasema, akanipiga bega. “Munganga mpaka ku nyumba, kama muke ya shefu, ya mukubwa! Bon. Mi nitabakia ku hii benchi mpaka matako iote mizizi.”

Nilimwonea huruma. Mungu anisamehe, nilimwonea huruma kweli, nikamwahidi kwamba kila muuguzi atakachoniambia nitamwambia na yeye.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea.

Kwetu mgeni hapokelewi kwa malalamiko. Akiuliza habari unasema njema, hata kama kuna mgonjwa mahututi chumba cha pili. Akae kwanza, anywe kitu, ndipo ukweli utoke kidogo kidogo, na mwingine usitoke kabisa. Huko Karagwe nako nilikuta vivyo hivyo, wakisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nililelewa na pande zote mbili, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Kwa hiyo muuguzi alipopangiwa kuja siku ya Jumanne, sisi tulianza kujiandaa Jumatatu. Goreti alifagia ua, akasugua vikombe kwa majivu. Maziwa yaliagizwa kwa jirani. Mimi nilitoa kitenge cha kanisani na viatu vyangu vyeusi vya kufunika, vile nilivyonunua kwa ajili ya harusi ya Faustini, ambavyo tangu siku hiyo vilikuwa vinanibana. Na kuna jambo jingine, nalisema ingawa ni aibu. Muuguzi alikuwa anapima mkojo kwa kikaratasi kinachobadilika rangi. Basi mimi tangu Jumatatu mchana nilikuwa sili kitu, ili Jumanne kile kikaratasi kitoke na rangi nzuri. Nilitaka hata mkojo wangu uwe umefagiwa.

Muuguzi aliitwa Vestina. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyekulia Goma, mwenye daftari la jalada la buluu na sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Pikipiki yake aliiacha barabarani kwa sababu kijia chetu ni cha mawe. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nilimpenda palepale.

Tulimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Akaletewa maziwa, kisha chai. Na mgeni hanywi peke yake, hiyo ni kama kumtazama mdomoni, kwa hiyo nami nilimiminiwa. Vijiko viwili vya sukari kwake, vijiko viwili kwangu. Kikaratasi kilikuwa kimeshapimwa, kimetoka kizuri, sote tumefurahi.

Akafungua daftari.

“Mama, sukari inakusumbua?”

“Hapana, mwanangu. Namshukuru Mungu.”

“Unakulaga muzuri?”

“Nakula vizuri.”

“Ku miguu iko kidonda?”

“Hakuna.”

“Naweza kuona?”

“Miguu ya bibi yako ina nini cha kuangaliwa? Kunywa chai, itapoa.”

Akacheka kwa haya, akafunika mdomo. Angewezaje kumwamuru mzee wa rika la bibi yake avue viatu sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya mkwe wake? Alilelewa vizuri yule mtoto, nami nililelewa vizuri, na kati ya malezi yetu mazuri miguu haikuonekana. Akaandika. Alipomaliza nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa maana mgeni usipomsindikiza umemfukuza. Nikasimama pale mpaka pikipiki ikapotea.

Ilikwenda hivyo masika yote. Sikujihisi vibaya. Nilikuwa naona kwamba ninapona kwa ajili ya zile ziara, kumbe nilikuwa najipamba.

Kiangazi kilipoingia nilikuwa na sare nyingi za kushona. Siku moja jioni nilirudi, nikavua kandambili, Goreti akaleta maji ya kuniosha miguu kama kawaida yake. Kisha akaniinulia unyayo wa kulia, akachomoa kitu. Ilikuwa pini yangu mwenyewe, ya kushikizia kitambaa, imezama mpaka kichwani chini ya dole gumba. Nilikuwa nimeikanyaga asubuhi, na kutwa nzima nimesukuma pedeli ya cherehani kwa mguu uleule, sikusikia kitu.

Nilifurahi, mnaamini? Nilisema, afadhali hainiumi. Wenzangu, mkisahau mengine yote shikeni hili moja: kwa mwenye sukari, kutouma si kupona. Mguu usiouma ndio wa kuogopwa.

Tuliosha kwa maji ya chumvi, tukafunga kwa vipande vya kitambaa cha sare. Baada ya wiki tundu dogo likawa na mdomo mweupe. Baada ya nyingine, ngozi kando yake ikawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Vestina alikuja. Nilivaa viatu vyeusi, nikasema hakuna kidonda. Akaja tena. Nikasema hakuna.

Nimejiuliza sana kwa nini. Adabu, ndiyo. Woga pia: niliogopa wataniambia niache kukanyaga, na mimi bila kukanyaga ni nani? Lakini kulikuwa na jambo la tatu, ambalo hata Faustini alichukua muda kulielewa. Nilitaka jaribio lao lifaulu. Walikuwa wamenichagua kwa kura mimi na si Anastazia, wakaniletea mtoto mzuri mpaka sebuleni, na yule daktari alisema wanataka kujua kama njia ile ni bora. Basi nilikuwa nampa mgeni alichokuja kukitafuta. Ningemwambia mguu unaoza ningekuwa nimemharibia kazi yake. Nilijiona mwenyeji mwema.

Goreti aliyajua yote. Kila jioni alifungua vile vitambaa, akavifua peke yake nyuma ya nyumba ili mumewe asivione, kwa sababu nilimwagiza hivyo. Dole gumba likageuka rangi, likawa jeusi na kavu. Harufu ikaanza. Asubuhi za Jumanne nilimwambia achome majani ya mikaratusi sebuleni, nyumba ikajaa moshi mtamu, Vestina akasifu.

Jumanne moja Goreti alinijia jikoni akiwa na sufuria mkononi.

“Mama, leo mi nitamwambia Vestina.”

“Utamwambia nini?”

“Muguu.”

“Ukinisemea mbele ya mgeni, umenivua nguo,” nikamwambia. “Na utakuwa umejisema na wewe. Watauliza, huyu mkwe anayemwosha kila siku alikuwa wapi?”

Nilijua ninapopiga. Akaweka sufuria chini, akaenda kuwasha majani ya mikaratusi. Natamani sufuria ile angenipiga nayo.

Anastazia wakati huo alikuwa analalamika kila tulipoonana. Yule muuguzi mnene alikuwa amemvua viatu kama kawaida yake, akaona mpasuko katikati ya vidole, mpasuko mdogo tu wa kupitisha ukucha, akampangia kurudi kila siku kusafishwa.

“Ananifokea kama mi mutoto!” akasema. “Mbele ya watu! Donc kila siku niache biashara, niende kuonyesha miguu. Na we umekaa ku nyumba, unakunywa chai na munganga.”

Nikampa pole. Kwa mara ya pili nikamwonea huruma, huku vidole vyangu vinaoza kwenye kiatu futi tatu kutoka alipokaa. Alinusa hewa, akaniangalia, akauliza kama kuna panya amekufa. Nikasema labda.

Mvua za vuli zilianza mapema. Jumanne ya mwisho niliamka na homa, meno yanagongana. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, kiatu hakiingii. Nikapaka sabuni, nikausukuma ndani. Goreti alisimama mlangoni akanitazama, machozi yanamtoka bila sauti, nami nikamwambia achemshe maziwa.

“Mama, leo uko na jasho,” Vestina akasema.

“Ni chai ya moto, mwanangu.”

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaniuliza maswali yake, nikamjibu majibu yangu. Akaandika. Akainuka. Nami nikainuka nimsindikize.

Mtasema angeniambia nibaki, na kweli aliniambia: “Mama, mvua, usitoke.” Lakini hivyo ndivyo kila mgeni anavyosema, na hivyo ndivyo mwenyeji anavyokataa. Tukashuka kijia, yeye mbele. Tope lilikuwa jingi. Kabla ya kufika barabarani, kwenye ua wa matete wa jirani, dunia ikageuka. Nikaanguka kwa ubavu. Kiatu kikabaki kimenaswa kwenye tope, na mguu ukatoka nje, mbele ya macho yake, na vile vitambaa vya buluu vya sare za shule vikiwa vimelowa.

Vestina hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye tope na sare yake nyeupe, akafunua kitambaa kimoja, kisha cha pili, kisha akaacha.

“Mama,” akasema, “kwa nini?”

“Samahani, mwanangu,” nikasema. “Nimekuchafulia nguo.”

Hospitalini walinilaza wodi ya wanawake. Nilichomwa sindano, nikasafishwa, nikasubiri. Kusubiri kitandani si kama kusubiri kwenye benchi. Kwenye benchi unasogea. Daktari wa upasuaji alikuja siku ya kwanza akasema vidole. Siku ya pili akasema labda nusu ya unyayo. Siku ya tatu aliweka kiganja chake chini ya goti langu, akachora mstari hewani. Nilimwuliza kama nitaweza kushona. Akaniambia tuangalie kwanza kama nitaishi.

Nje kwenye korido nilisikia sauti ya Faustini. Mwanangu si mkali, lakini siku ile alikuwa mkali.

“Ulikuwa unamwosha miguu kila siku! Kila siku! Hukuona? Huna pua?”

Goreti hakujibu. Angejibu nini? Angesema mama yako alinikataza, angekuwa amenivua nguo. Alinyamaza kwa sababu nilimfundisha kunyamaza. Na mimi nilikuwa macho kitandani, mlango uko wazi, nikanyamaza pia. Siku nzima nilimwacha abebe. Ya mguu nimeyasamehe, nilikuwa mjinga. Ile siku moja ya kunyamaza bado sijaisamehe.

Asubuhi yake nilimwita Faustini nikamwambia yote: viatu, kufunga kula, majani ya mikaratusi, sufuria. Alisikiliza akiangalia sakafu. Akatoka. Hakumwomba mkewe msamaha siku ile, wala wiki ile. Walipishana hapo kitandani kwangu kama watu wa zamu, mmoja akija mwingine anaondoka, nami katikati nimelala siwezi hata kwenda haja mwenyewe.

Kulikuwa na neema ndogo. Mama wa usafi alikisogeza kitanda changu karibu na dirisha bila kuombwa. Anastazia alikuja na uji usio na sukari, akaapa ni mtamu, akanilisha kwa kijiko kwa nguvu. Alikuwa ametembea mwenyewe, kwa miguu yake miwili. Alikaa, akaangalia shuka, akaangalia ukuta.

“Nilisikia harufu,” akasema mwishowe. “Mi nilisikia, Mama Faustini. Nikasema panya.”

Akalia. Tukalia wote wawili mpaka muuguzi wa zamu akatuambia tunasumbua wengine.

Siku moja kabla ya kukatwa, alikuja yule daktari mrefu wa sauti ndogo, pamoja na Vestina aliyesimama nyuma yake kama mtu aliyeletwa polisi. Daktari ndiye aliyeshika lile daftari la buluu. Akaniomba ruhusa anisomee yaliyoandikwa juu yangu, ili wajue walipokosea.

Akasoma taratibu. *Hajambo. Mkojo mzuri. Hana kidonda.* Akafunua. *Hajambo. Anakula vizuri. Hana kidonda. Amenisindikiza.* Akafunua. *Amechangamka. Nyumba inanukia vizuri.* Akafika ukurasa wa mwisho, ule wa homa. *Ana jasho kidogo, anasema ni chai. Hana kidonda. Amenipa maziwa.*

Kila neno lilikuwa la kweli kwa aliyeliandika. Vestina alikuwa anaangalia nje dirishani. Nilitamani anifokee, kama yule mwanamume mnene wa kituoni.

“Mama, tulikosea wapi?” daktari akauliza.

“Mlikuja kama wageni,” nikasema. “Mgeni haonyeshwi kidonda. Mkitaka kuona miguu ya mzee, msipite mlango wa mbele. Piteni jikoni. Msikubali kiti. Msikubali chai mpaka viatu vimevuliwa. Na mwambieni mzee hivyo mapema, mbele ya watoto wake, asione mmemdharau.”

Akaandika. Alisema watajaribu hivyo. Alisema wamekwisha kuanza kupita kwa wazee wengine wa kundi langu na kuwavua viatu, na kwamba sikuwa peke yangu. Sikufarijika. Nilifikiria vikombe vyote vile vilivyosuguliwa kwa majivu, nyumba kwa nyumba.

Nilipozinduka baada ya kukatwa, mguu ulikuwepo. Nasema nilivyousikia. Ulikuwa unakanyaga pedeli, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na chini ya dole gumba kulikuwa na pini, na sasa ilikuwa inauma. Mguu ulionyamaza kiangazi kizima ulianza kusema baada ya kuondolewa. Nikaomba waniinulie shuka, wakaniinulia. Basi.

Nilirudi nyumbani mvua zikiwa zinaisha. Faustini alinibeba mgongoni, kama nilivyokuwa nikimbeba yeye zamani kule Karagwe. Siku ile ndiyo aliyouzika mguu, uliokuwa umehifadhiwa hospitali. Alipomaliza kufukia, Goreti alimletea maji ya kunawa, akayamimina juu ya mikono yake, na nikamwona Faustini ameishika ile mikono ya mkewe ndani ya maji, ameinamisha kichwa. Hawakujua naangalia. Nikageuza uso.

Cherehani naisukuma kwa mguu wa kushoto. Inakwenda, polepole. Sare moja inanichukua siku mbili. Watu wananisifu kwa moyo wangu, nami nakubali sifa, lakini ukweli ni kwamba kila nikikanyaga naogopa.

Kiangazi kilichofuata Vestina alipangiwa kwangu tena. Aliuliza kwanza kama ninamkubali. Alipita nyuma, kwenye mlango wa jikoni, Goreti akiwa anakoroga maharage. Hakuna aliyemletea kiti, akavuta kigoda mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye mkeka. Akauchukua mguu wangu wa kushoto akauweka mapajani mwake juu ya ile sare nyeupe, akaniomba uzi. Nikampa uzi wa cherehani yangu.

“Funga macho, Mama. Nikikugusa, unasema.”

Nikafunga.

“Hapa?”

“Nasikia.”

“Hapa?”

“Nasikia.”

Kisha akanyamaza, na kwa ule unyamavu nikajua kwamba ananigusa mahali. Nikasubiri. Sikusikia uzi, sikusikia mkono. Njema, namshukuru Mungu, nasikia, mwanangu: maneno yote yalikuja yakasimama mdomoni, yamevaa vizuri, tayari kutoka.

“Sisikii,” nikasema.

Goreti akaacha kukoroga.

“Na hapa?”

“Hapo pia sisikii.”

Nikafungua macho. Vestina alikuwa ameshika uzi kwenye vidole viwili vya mwisho. Akaandika. Hakunidanganya kwamba kuna dawa ya kurudisha hisia. Alisema kila siku tuuangalie, chini, katikati ya vidole, kwa kioo, na nikiona hata alama ya kalamu nimwite. Nilimwuliza kama mguu huu utabaki. Akasema hajui. Tunajaribu, Mama, akasema, na mimi nikasema ndiyo, tunajaribu.

Akafunga daftari akainuka. Mkono wangu ukaenda kwenye magongo wenyewe.

“Kaa, Mama,” akasema.

Nikakaa. Goreti alifuta mikono kwenye kanga, akatoka naye. Nilisikia sauti zao zikishuka kijia, kisha pikipiki ikawaka, ikaenda. Mimi nilibaki jikoni kwenye mkeka, nikauvuta mguu wa kushoto mapajani, nikaanza kuutazama, kidole kimoja baada ya kingine.